Bomba la Uchovu

Mara ya tatu dada yangu alipotapika kando ya barabara tukitoka Muleba, hakulia wala hakulalamika. Alijifuta mdomo kwa ncha ya kanga, akanitazama mimi, akamtazama mke wangu, akasema, "Sasa mnataka nife ndipo muamini?"

Tulijua anamsema nani. Tulikuwa tumetoka kwa mama mdogo, mjane wa marehemu baba yetu, aliyebaki peke yake katika kibanja cha migomba na kahawa ambacho mimi, mtoto wa kwanza, nilikuwa mrithi wake. Baba alifariki mwaka mmoja kabla sijapata gari. Tangu msiba ule dada alishikilia kwamba mama mdogo ndiye aliyemlisha kitu, na kwamba sasa amegeukia watoto wa mke mkubwa. Alitaka ukoo ukae, nami nitamke kwamba mwanamke yule arudi kwao. Bila neno langu asingetolewa. Kwa neno langu angeondoka na sanduku lake na jembe.

Kazi yangu ilikuwa kupima kahawa ya wakulima, na nilikuwa na tabia ya kutoamini kitu kabla ya kukipima. Lakini kila nilichokipima kilikuwa upande wa dada. Wakati wa kwenda alikuwa mzima. Wakati wa kurudi kichwa kilimgonga, mikono ikamlegea, akatapika. Siku alizoshinda kwetu Maruku hakuumwa hata kidogo. Mimi na mke wangu, tuliokaa mbele, tulipata kichwa kizito tu, na kwa kweli pombe ya mama mdogo sisi tulikuwa tunakunywa kidogo kuliko yeye. Hayo yote niliyaandika katika daftari, safari kwa safari.

Basi nikaanza kumchunguza mama mdogo. Kwetu anayekaribisha wageni huonja kwanza. Alikuwa akileta rubisi, pombe yetu ya ndizi, katika kibuyu, anavuta mrija mbele yetu, ndipo ananikabidhi. Miaka yote sikuwa nimelitazama tendo hilo. Sasa nililitazama koo lake, nione kama linashuka. Siku moja nilidhani halikushuka. Aliona macho yangu yalipokuwa. Akavuta mrija tena, mara ya pili, bila kuambiwa, akanipa kibuyu ameinamisha uso.

Gari lenyewe lilikuwa stesheni wagoni kuukuu. Aliniuzia mtaalamu mmoja wa migomba, Mzungu, aliyerudi kwao katika miaka ya mwanzo ya ujamaa, akaniachia na kitabu chake cha matengenezo. Kiingereza changu nilikipata mwenyewe, kwa kamusi ndogo, na kitabu kile nilikitafsiri chote, ukurasa kwa ukurasa. Nilijivunia kazi hiyo kuliko gari. Mahali pamoja tu palinitatiza: palitajwa bomba ambalo jina lake, kwa kamusi yangu, lilitokana na neno la kuchosha. Nikaandika "bomba la uchovu" nikaendelea. Chini yake palikuwa na onyo lililopigiwa mstari, nalo nikalitafsiri hivi: "Uchovu ukiingia ndani ya gari ni hatari, unaweza kuua." Niliona ni shauri jema kwa madereva. Ndiyo maana kila tuliporudi kutoka Muleba nilisimama katikati ya njia, tukashuka wote kunyoosha miguu. Dada alipata nafuu pale. Alisema upepo unapunguza sumu.

Wiki moja kabla ya ukoo kukaa, jirani yangu aliniomba nimchukulie mbuzi wa harusi kutoka Rubafu. Nilimfunga nyuma, nikaufunga mlango wa nyuma kwa kamba ukiwa nusu wazi ili apate hewa. Vioo nilivipandisha kwa sababu ya vumbi. Nilipofika Bukoba mjini mbuzi alikuwa amelala ubavu, ulimi nje. Nilimburuta mpaka kwenye nyasi nikiwaza nitamwambia nini mwenye mbuzi. Muda wa kunywa kikombe cha chai hivi, mbuzi akainuka, akayumba, akaanza kula majani.

Mbuzi yule hakuwahi kufika kwa mama mdogo.

Nilibaki nimeshika kamba. Tulipokwenda Muleba, mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa. Tuliporudi, kila mara, mama mdogo alikuwa ametupakia mikungu ya ndizi mirefu kuliko nafasi, nami nikaufunga mlango kwa kamba ukiwa wazi. Dada alikaa kiti cha nyuma, karibu na mikungu. Katika daftari langu ndizi sikuziandika. Sikuona kwamba zawadi ni kitu cha kupimwa.

Nilikwenda moja kwa moja kwa fundi. Aliingia chini ya gari injini ikiwa inaunguruma, akaziba mwisho wa bomba la moshi kwa kitambaa. Injini ilipaswa kuzimika. Haikuzimika. Moshi ulitokea juu ya ekseli, ukaviringika kwenda nyuma na kupanda mlangoni.

"Ndugu," akasema kutoka chini, "hili gari lako linavuta sigara, na moshi linawapulizia abiria."

Nikamwuliza bomba hilo linaitwaje kwa Kiingereza. Akalitaja: "Exhaust." Lilikuwa ndilo neno langu la uchovu.

Vipuri havikupatikana miaka ile. Sailensa ilikuwa imeoza kwenye mshono, na kipande cha nyuma cha bomba kilikuwa kimekatika, kinaning'inia kwa waya. Nilichutama pale muda wote, maana nilimshuku hata fundi, kwamba ataondoka na nusu iliyo nzima na kunipa mbovu zaidi. Alikata bati la debe, akalizungushia mahali palipooza, akalikaza kwa waya, akakandika kingo kwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na majivu. Mwishoni akachomelea kipande cha bomba la maji, ili moshi utokee nje ya bampa. Tukaziba tena kwa kitambaa. Injini ikakohoa, ikazimika. Nilimwomba arudie mara mbili zaidi. Alirudia, lakini hakunitazama.

Kesho yake nilimweleza dada, daftari mkononi, mpaka nikamwonyesha mstari nilioukosea. Alisikiliza vizuri.

"Sawa, kaka. Ni moshi," akasema. "Na baba alipanda gari gani?"

Nililifunga daftari.

Ukoo ulipokaa nilisema nilichokuwa nimekipima tu: bomba, mlango, mbuzi. Baba mkubwa aliuliza kama mbuzi ataletwa kutoa ushahidi, wakacheka. Nikaeleza kwamba mbuzi ameshaliwa harusini, na walaji wote wazima. Kisha nikatamka kwamba mama mdogo abaki katika kibanja. Habari ya kifo cha baba sikuigusa. Dada aliondoka kabla ya chakula.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Muleba peke yangu. Mama mdogo alikuwa amekwisha kusikia yote, pamoja na yale niliyoyaandika juu yake. Aliniambia, "Karibu waitu," yaani mtu wa kwetu, kama siku zote, akaleta kibuyu. Akakiweka mbele yangu, akaketi kwenye mkeka. Hakuonja. Alinitazama kooni.

Nilivuta mrija. Rubisi ilijaa mdomoni, na nakiri kwamba kabla ya kumeza nilisita, kitambo kidogo sana. Aliona. Nikameza, nikavuta tena.

Wakati wa kuondoka alileta mkungu, mrefu kama ile ya zamani. Kwa mazoea nilichukua kamba. Yeye akaingia ndani, akatoka na panga, akanipa. Niliukata mkungu chane moja moja, nikazipanga sakafuni mpaka mlango wa nyuma ukafungika. Nilipoketi kwenye usukani nilimwona kwenye kioo, ameweka kiganja juu ya mlango ule, anausukuma kuhakikisha.