Jando la Respicius wa Wheaton

Kazi ya Respicius ni kuwaogesha wazee wa watu hapa Wheaton, Marekani, na kila siku huwaambia wasione haya, mwili ni mwili. Maneno matamu hayo, kwa mwili wa mwenzako. Wake mwenyewe ulikuwa na miaka arobaini na tatu na govi lililobana hadi kukojoa ikawa kazi.

Na mdomo wake ndio uliomponza. Kwa miaka alikuwa akimwambia rafiki yake Wambura, Mkurya wa Tarime, kwamba kwao Bukoba alitahiriwa akiwa amesimama, kisu kikavu, bila kupepesa jicho. Kwa Wambura, asiyetahiriwa ni mtoto hata akiota mvi, na waliotahiriwa mwaka mmoja ni rika moja mpaka kufa. Respicius hakutaka kupoteza kiti chake miongoni mwa wanaume kwenye nyama choma za Jumamosi.

Daktari alimweleza njia tatu. Kupasua ngozi kwa juu tu: angepata nafuu, ila govi lingebaki. Pete ya plastiki, isiyo na nyuzi: hiyo akaipenda papo hapo, lakini daktari akasema ngozi yake ina makovu, pete haitakaa vizuri. Ikabaki kisu, na nyuzi zinazoyeyuka zenyewe. Ganzi akiwa macho, au usingizi? Shujaa wetu akaomba usingizi kabla swali halijaisha.

Kumbe anayelazwa usingizi haruhusiwi kutoka bila mtu wa kumpeleka nyumbani. Mkewe Euphrasia alikuwa kazini Herndon, hakupata ruhusa. Ikabidi ampigie Wambura, akamdanganya kuwa anapasuliwa ngiri.

Wambura alimwona akitoka, miguu kaitanua, suruali kaivuta mbele kwa vidole viwili isimguse. Mwendo ule Mkurya haulizi. Respicius akajua amejulikana, akatamani ardhi immeze.

Wambura akafungua buti la gari, akatoa khanga ya mkewe.

"Suruali itakutesa. Jifunge hii."

Akajifunga palepale kwenye maegesho, uso unamwaka kwa aibu. Walikuwa wameshafika barabarani Wambura alipouliza, "Ulipepesa jicho?"

Kwa mara ya kwanza Respicius aliweza kulijibu swali hilo bila uongo. "Hata kidogo. Nilikuwa nimelala."

Wambura aliendesha, midomo ikimcheza. Mwanawe Ryan, wa miezi minne, alitahiriwa mwaka huohuo, hospitalini alikozaliwa.

"Jumamosi uje," akasema. "Nimekuwekea kiti karibu na rika lako, Ryan. Ila yeye alikuwa macho."