Mkono wa Mwenyekiti

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha upasuaji, ambacho sisi wauguzi tulikiita thieta, sikuona mgonjwa wala kisu. Niliona sinki. Ilikuwa Nyeri, miaka michache baada ya Uhuru, nami nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi mwenye kofia iliyotiwa wanga hadi ikasimama yenyewe. Sista msimamizi wa thieta, mama mfupi kutoka Mathira ambaye hata madaktari walimwogopa, alinishika vidole akavigeuza huku na huku.

"Wewe umekuja kupanda viazi ama kufanya kazi ya thieta?" aliniuliza. "Hii kucha iko na shamba ndani. Rudi ukate."

Nilirudi bwenini nikakata mpaka nikakaribia nyama.

Nawaeleza vijana kunawa kwa thieta kulikuwaje, kwa sababu siku hizi naona watu wanalowesha ncha za vidole na kusema wamenawa. Kwanza unavua pete na saa. Unaanzia kwenye kucha kwa sabuni na brashi, chini ya kila ukucha, kati ya kila kidole na chenzake, kiganja, mgongo wa mkono, kisha unapanda mpaka kupita kiwiko. Muda huo wote vidole viko juu na viwiko viko chini, ili maji machafu yateremkie kiwikoni yasirudi vidoleni. Ukishamaliza hugusi mlango, hugusi bomba, hugusi pua yako hata ikikuwasha namna gani. Unajipangusa kwa taulo iliyopitishwa kwenye mvuke mkali wa kuua vijidudu, unavalishwa gauni, ndipo unavaa glavu. Ukigusa kitu ambacho hakikupitia mvuke, unarudi sinki kuanza upya. Asubuhi ile Sista alinirudisha mara nimegusa ukuta, mara nimejikuna, nami nilisugua huku nalia.

Mwenzangu mmoja akathubutu kuuliza kwa nini tujichubue ngozi na glavu zipo. Sista akachukua glavu moja, akaijaza maji, akaiminya. Maji yakachirizika kwenye kidole gumba. Wakati ule glavu hazikutupwa. Tuliziosha, tukazikagua matundu, tukazibandika viraka kama mipira ya baiskeli, tukazitia poda na kuzirudisha kwenye mvuke. Nyingine zilikuwa na viraka vingi kuliko mpira wenyewe, na zingeweza kutoboka wakati wowote katikati ya kazi.

"Glavu ni nguo," Sista alisema. "Mwenye kuingia ndani ya tumbo ya mtu ni mkono."

Nilipofuzu nilipelekwa hospitali ndogo upande wa Kirinyaga, katikati ya majani chai, ambayo sitaitaja. Nilipewa thieta niisimamie, sasa nami nikaitwa Sista. Daktari Msimamizi alikuwa mtu wa magharibi ya Kenya, mpole, fundi hodari. Nasema wazi kwamba alijua kunawa kuliko mimi. Alisomea ng'ambo, na nilimwona akimfukuza daktari mwanafunzi thieta kwa kosa la kujikuna sikio. Kwa hiyo mtu asije akaniambia kwamba hakujua.

Shida yetu ilikuwa maji. Tulichemsha kwa kuni nyuma ya jiko, na mhudumu aliyamimina kwa jagi juu ya mikono ya daktari. Mwenyekiti wa halmashauri ya hospitali, mzee wa kanisa na mwenye mali nyingi, akaitisha harambee, tukapata tangi na sinki mpya yenye mabomba ya kiwiko, yale yanayofunguliwa bila kuguswa kwa mkono. Lilikuwa jambo jema, na ninampa haki yake. Siku ya kuyafungua tukachinjiwa mbuzi, wazee wakaja na makoti yao, na uwanjani watu wakasalimiana kwa mikono kama ilivyo desturi yetu. Huku kwetu, mzee akikunyooshea mkono ukauacha hewani, ni afadhali ungemtukana.

Hotuba zikiwa katikati, akaletwa Wangithi. Alikuwa mke kijana, mimba yake ya kwanza, uchungu ulikuwa umemshika tangu jana yake akiwa anachuma chai, na mtoto alikuwa amekwama. Daktari akaacha wageni akaja mbio. Mimi nilimvua Wangithi nguo za shamba, nikamwosha mwili, nikamwosha tumbo kwa sabuni, kisha kwa dawa ya iodini mpaka likawa la kahawia. Nililiosha kwa mikono yangu hii. Kisha nikanawa, nikavaa gauni na glavu, nikasimama nikiwa nimemshikia Daktari gauni lake aje alivae.

Daktari alikuwa anamaliza kunawa, vidole juu, maji yakimchuruzika viwikoni, mlango ukafunguliwa. Mwenyekiti akaingia na wazee wawili na viatu vyao vya matope. Alitaka kuwaonyesha mabomba yakifanya kazi.

"Ona sasa!" akawaambia. "Maji inakuja yenyewe. Daktari, hongera! Hii ni kazi ya Mungu." Akanyoosha mkono.

Nilimwona Daktari akiutazama ule mkono. Alinitazama mimi. Kisha akautoa wake, tena akauwekea na wa kushoto kwa heshima, akamsalimia Mwenyekiti kwa mikono yote miwili. Mwenyekiti hakuuachilia upesi. Alimshukuru, akawashukuru waliochanga, akaomba maneno mafupi ya baraka, na Daktari akasimama hapo ameinamisha kichwa mpaka wote wakasema amina. Wangithi alikuwa mezani nyuma ya kioo, analia.

Daktari akageuka, akaja kwangu aingize mikono kwenye gauni. Nikalirudisha nyuma.

"Daktari, nawa tena."

"Sista, mtoto anachoka. Hakuna wakati."

"Wakati wa maombi ulikuwako. Nawa tena."

"Kwani mkono yangu iko na nini?" Mwenyekiti akauliza. Sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Sista, unataka kusema mimi ni mchafu? Mbele ya hawa wazee?"

"Mzee, nje ya hapa ningekusalimia kwa magoti. Hapa hata mkono wangu mwenyewe ni mchafu."

"Ati!" akasema, akawageukia wenzake. "Mmesikia huyu msichana?"

Daktari angeweza kusema neno moja tu. Sinki ilikuwa hapo, maji yanatiririka, mabomba yale yale waliyoyajia. Badala yake akasema kwa sauti ya chini, "Sista, tafadhali, usiniaibishe." Akachukua gauni jingine kwenye ngoma ya chuma, lile pipa la nguo zilizopita mvukeni, akalivaa mwenyewe, akavaa glavu, akaingia. Ningefanya nini? Mama alikuwa anakufa na daktari alikuwa mmoja. Nikaingia nyuma yake nikafanya kazi yangu. Mtoto wa kike akatoka hai, akalia vizuri. Daktari alipovua glavu nilizichukua mbele yake nikazijaza maji, na ile ya kulia ikachirizika kwenye vidole viwili. Alitazama, akatoka nje kula nyama na wageni.

Baada ya siku chache Wangithi akashikwa na homa. Kidonda kikafura, kikatoa usaha, na harufu ikajaa wodi. Alipelekwa Nyeri, akatolewa mji wa mimba ili asife.

Halmashauri ikakutana. Mimi niliitwa na Metroni, mkuu wa wauguzi, nikasimama mbele ya meza yao na kueleza yote, jinsi nilivyomwosha mgonjwa, mkono, matope, maombi na glavu. Mwenyekiti alinisikiliza akichezea miwani yake, kisha akasema, "Huyo mama aliletwa kutoka shamba vile alivyokuwa. Alikuja mchafu. Si hiyo ndiyo maneno?" Wote wakamtazama Daktari. Daktari akatazama meza. Basi hilo ndilo lililokubaliwa, kwamba mgonjwa alikuja mchafu. Kuna watakaoniuliza kama ninaweza kuapa kwamba ni mkono ule uliomwambukiza. Siwezi, vijidudu havina majina. Lakini ninaweza kuapa kwamba tumbo la Wangithi lilikuwa safi, kwa sababu nililiosha mimi, na kila mtu kwenye meza ile alikuwa amenisikia nikisema hivyo.

Nilipewa uhamisho wa kwenda Kangema, kituo cha afya kisicho na thieta. "Wewe ni mzuri kazini," Metroni aliniambia nikifunga sanduku, "lakini mdomo yako itakumaliza." Kabla sijaondoka nilimfuata Daktari ofisini nikamwambia, kama hatasema mbele ya wakubwa, basi amwambie Wangithi ukweli, maana alikuwa anarudishwa kwetu kupona. Alinishika bega. "Nitamwambia mwenyewe, Sista. Nakuahidi." Nikamwamini, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo, kwamba watu wabaya hawakuhitajika.

Kangema nilikaa miaka, nikipima watoto na kufunga vidonda vya panga. Halafu Karatina, halafu Nyeri tena, ambako nilirudishiwa thieta nikaisimamia mpaka nilipostaafu. Kwenye thieta yangu mlango ulifungwa kwa komeo. Mkuu wa wilaya alibisha akangoja, askofu alibisha akangoja. Waliniita mkali, mwenye kiburi, na majina mengine ambayo hayaandikwi.

Sasa ni mzee, na ninapoenda kumwona mgonjwa hospitalini naangalia sinki kwanza. Naona chupa za dawa ya mikono zimetundikwa ukutani zikiwa tupu. Naona daktari kijana anatoka kitanda hiki kwenda kile, simu mkononi, glavu zile zile. Glavu nzima zisizo na kiraka, na bado anazitumia kuchafua watu! Nikisema, naambiwa kama nyanya yao, "Shosho, pumzika." Sitapumzika.

Juzi nilikuwa Majengo, hapa Nyeri, nyuma ya msikiti, nikaingia kibanda kimoja kunywa chai. Mteja mmoja alikuwa anabonyeza mandazi moja baada ya jingine kwa mkono alioshikia kamba ya mbuzi, nami nikamkaripia kwa sauti yangu ya wodini. Mwenye kibanda, mwanamke mwenye mvi kichwa kizima, akaweka birika chini.

"Hiyo sauti naijua," akasema. "Wewe si ni Sista wa thieta, ule wa Kirinyaga? Mimi ni Wangithi."

Tulishikana mikono muda mrefu. Aliniketisha, akanipa chai asitake nilipe. Akaniambia bwana yake alioa mwingine, kwa sababu watu wake walitaka watoto, naye akatoka na msichana wake wakaja kupanga chumba hapa Majengo. Kisha akakaa karibu nami.

"Sista, niko na neno nimekuwa nalo miaka hii yote. Nataka uniwie radhi. Mlinisaidia vizuri sana, na mimi nikawaletea uchafu."

"Uchafu gani?"

"Ule wa shamba. Daktari alikuja kwa kitanda yangu akaniambia. Ati kama ningekuja nimeoga, tumbo haingeoza. Bwana yangu alikuwa amesimama hapo, akasikia. Mama yake pia akasikia."

Nikaweka kikombe chini. Hivyo ndivyo alivyotimiza ahadi yake! Nilikasirika hata nikasahau kwamba Daktari ni marehemu, nikamtaja kwa jina na kumwambia maneno yake hapo hapo kibandani. Kisha nikamweleza Wangithi yote tangu mwanzo, jinsi nilivyomwosha, nani aliingia na viatu gani, nani alinyoosha mkono na nani aliupokea, na jinsi glavu ilivyovuja.

Hakulia. Aliitazama mikono yake. Ngozi ilikuwa imechubuka na kupasuka, na nilipomuuliza akasema hujisugua hivyo kwa jiwe kila akienda hospitali, yeye na msichana wake, ili mtu asiseme tena.

"Kwa hivyo si mimi," akasema.

"Si wewe. Ulikuwa safi kuliko wote waliokuwa mle ndani."

Akainuka, akafungua pazia la nyuma. "Njeri! Njeri, acha hiyo kazi, kuja hapa." Akatoka mwanamke mzima, mrefu, unga mikononi, yule niliyempokea akilia. Mama yake akamshika mkono akamsimamisha mbele yangu.

"Sista, sema tena," akaniambia. "Anza kwa ile pahali uliniosha. Sema pole pole, huyu amekua akisikia ile ingine."

Nikasema tena.