Bakuli la Pembeni

Mkufunzi aliletwa ofisini kwetu Dodoma kutufundisha kuishi na watu tusiofanana nao. Sisi, tuliocheza na watoto wa Kirangi na wa Kihehe kabla hatujajua kuvaa viatu! Alianza na neno la Kiingereza, different. Asili yake Kilatini, alisema, akaligawanya ubaoni: kipande kimoja "kando", kingine "kubeba". Yaani kuvibeba vitu na kuviweka kila kimoja upande wake. Kisha akatutazama kama mtu aliyechimba kisima kwa kucha. Debe tupu haliachi kuvuma.

Siku ya kufunga semina tuliambiwa kila mtu alete chakula cha kwao. Nilimwomba shangazi yangu wa Hombolo, aliyenilea, anipikie mlenda. Aliuleta mwenyewe, amevaa kitenge cha kanisani, kwa sababu nyumbani kwetu mpishi hula pamoja na wageni, bakuli moja. Bakuli la pembeni hupewa mtu mmoja tu, yule ambaye ukoo umemkataa.

Mkufunzi alifunua, akaona mlenda unavyovutika, akakunja pua. "Hii ni different sana," akasema, akaagiza bakuli libebwe hadi kwenye kimeza karibu na mlango. Pilau na kuku vikabaki katikati. Nililirudisha. Akaliondoa tena, eti naharibu mpangilio.

Shangazi aliniuliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, nimewakosea nini hawa?"

Tulikaa pale mlangoni tukala wawili, na nilimdharau yule bwana kwa kila tonge. Tangu siku hiyo shangazi akagoma kumpikia mgeni yeyote mlenda.

Baadaye mkufunzi alitaka kuona mashamba ya zabibu Hombolo, nikaambiwa nimpeleke. Mchana nikampitisha kwa shangazi.

"Shikamoo mama," akasema. Adabu hiyo angalau anayo.

"Marahaba, karibu baba."

Shangazi, aliyekuwa amegoma, safari hii alipika mlenda. Sisi wa nyumbani tukazunguka sinia moja. Mgeni akawekewa kigoda kando ya mlango, na bakuli lake peke yake.

Alifurahi mno. Alilipiga picha, akaninong'oneza, "Umeona? Mama ametambua kwamba mimi ni different."

Nikamwambia ametambua. Shangazi akacheka, akamwongezea mlenda.

Picha hiyo ameitundika ofisini kwake. Kila nikiingia huitazama, nikashiba.