Marahaba ya Jioni

Ukitaka tugombane, niambie Nasra alikuwa mvivu. Nimekaa naye uwanja mmoja hapa Mkonze, mlango wangu unatazamana na wao, ndoo zetu zimepanga foleni bomba moja. Namjua. Jioni angekushonea sare ya mtoto huku anakupigisha soga mpaka mbavu zikuume, na mshono wake haupindi. Asubuhi huyohuyo hawezi kuinua mkono kufungua pazia.

Na wala hakuwa amelala. Hapo ndipo watu walipokosea. Nasra aliamka kabla hata ya adhana, moyo unamwenda mbio, mdomo mkavu, akabaki kutazama bati mpaka jua lipande. Aliniambia mwenyewe: "Mama Loisi, ikifika alfajiri naona kama kuna msiba umetokea na mimi peke yangu ndiye sijaambiwa. Nalala pale nasubiri kuambiwa." Adhuhuri hali inaanza kulegea. Alasiri anainuka, anaoga, anakaa kwenye cherehani. Ikifika magharibi ni mtu kabisa, anakutania mpaka unasahau.

Sasa, kwao Kondoa, na kwetu Wagogo ni hivyohivyo tusidanganyane, mke hupimwa asubuhi. Uwanja uwe umefagiwa jua halijatoka, na mama mkwe akifungua mlango akute maji ya moto ya kunawa. Bibi Tabu, mama yake Khamisi, alipohamia kwa mwanawe alikuta majani uwanjani na maji hayapo. Alivumilia, nimpe haki yake. Halafu akaanza kufagia mwenyewe, ufagio unagonga makusudi ukuta wa chumba cha mkwewe. Kwa wanaojua, hilo ni tusi, tena zito kuliko la mdomoni. Jioni anamsikia mkwe yuleyule anacheka na wateja.

"Ugonjwa gani huu unaojua saa?" aliniuliza siku moja.

Nikamwambia upo. Akanitazama kama nimelipwa.

Khamisi mwenyewe ni fundi ujenzi, anatoka nyumbani kila siku, hata Jumapili, giza halijaisha kuwahi kazi huko Mtumba, anarudi jioni. Kwa hiyo mke aliyemjua ni yule wa jioni, mchangamfu. Asubuhi za mkewe alisimuliwa na mama yake. Alimpenda Nasra, sisemi hakumpenda, ila mama yake alimwogopa zaidi.

Aliyeelewa bila kufundishwa ni binti yao, Naima, wa darasa la pili. Kabla ya kwenda shule alisimama mlangoni mwa chumba cha mama yake, akasema, "Shikamoo, mama," akaondoka. Hakusubiri jibu, alishajua halitoki. Akirudi, Nasra anamwambia kutoka kwenye cherehani, "Marahaba, mwanangu. Nilikuwekea." Wanacheka wote wawili. Mara ya kwanza kuwasikia niliingia ndani nikajifanya natafuta chumvi, maana machozi yalinijia.

Mimi ndiye niliyempeleka hospitali. Nilimpeleka asubuhi, makusudi, kanga juu ya gauni la kulalia, nimemshika kiuno njia nzima. Muuguzi wa magonjwa ya akili, dada mmoja mpole anaitwa Dorothea, hakumuuliza kwa nini hakuchana nywele. Alimuuliza, "Kunapambazuka vipi kwako?" Nasra akalia pale, kwa sababu tangu aanze kuumwa hakuna aliyemuuliza hivyo.

Dorothea akatueleza kuna homoni mwilini inaitwa kotisoli. Kwa kawaida hupanda alfajiri, ndiyo inayomsukuma mtu aamke, halafu inashuka polepole mchana kutwa, usiku inakuwa chini ulale. Kwa baadhi ya watu wenye sonona na wasiwasi, mpangilio huo huvurugika. Wengine inakuwa juu mno asubuhi. Wengine hata jioni haishuki, na hao hawapati nafuu saa yoyote. Wengine huwakuti na tofauti kabisa, na bado wanaumwa, alisema, maana ugonjwa huu si homoni peke yake. Nikamwambia Nasra njiani, basi wewe jogoo wako anawika kabla ya wakati na hajui kunyamaza. Akacheka kidogo, na ilikuwa bado asubuhi. Nikarudi nyumbani nina furaha.

Alipewa vidonge na akaambiwa avumilie, vinachukua wiki kadhaa kufanya kazi. Hizo wiki hakupewa.

Bibi Tabu aliitisha kikao. Alitoka Kondoa Mzee Abdulwahab, baba mkubwa wa Khamisi, na mjomba mmoja wa Nasra, wakafikia kwa ndugu yao Ipagala. Na kikao kikapangwa, kama vikao vyote vya familia mjini hapa, jioni, wanaume wakishatoka kazini. Nikamfuata Khamisi bombani nikamwambia, wazee waje asubuhi. Akasema, "Mama Loisi, asubuhi nani ana nafasi?"

Basi wakaja. Nasra alikuwa ameoga, amevaa dira la kijani, ametandika mkeka vizuri, anapita na chai ya tangawizi, anawapa wazee shikamoo moja moja kwa magoti. Mjomba wake akamtania kuwa amenenepa, naye akamjibu kuwa ni cherehani inamlisha. Wakacheka. Mimi nilikuwa kibarazani kwangu nachambua mlenda wa kukausha, nasikia kila neno, na kila alipochekesha watu nilitamani akohoe, aanguke, afanye lolote.

Mzee Abdulwahab si mtu mbaya. Alimwita mbele yake akamuuliza kwa upole, "Binti yangu, tumeambiwa unaumwa. Unaumwa?"

Nasra angeweza kusema ndiyo. Mimi ningesema ndiyo na kulia juu yake. Yeye akasema, "Sasa hivi siumwi, baba. Huwa ni asubuhi."

Wazee wakatazamana. Alisema kweli, na kweli ikamponza. Akajaribu kuwaeleza habari za homoni, Khamisi akainamisha kichwa, na Bibi Tabu akasema hata yeye ujanani asubuhi zilikuwa nzito, ila alikuwa na mama mkwe. Nikashindwa. Mdomo wangu hauna breki, watu wa hapa wanajua. Nikavuka uwanja nikawaambia, "Wazee wangu, shikamooni. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwamueni kesho, mkishamwona asubuhi." Mzee akanijibu kwa heshima kwamba haya ni mambo ya ukoo. Nikarudi kwenye mlenda wangu.

Talaka haikutamkwa. Walisema akapumzike kwao Kondoa, akakumbushwe mambo ya nyumba, na sote tunajua maana ya kupumzika kwa namna hiyo. Naima abaki, ana shule.

Kesho yake asubuhi wazee walikuja kumchukua wawahi basi. Nasra hakutoka. Bibi Tabu akagonga, kimya. Mwishowe Mzee Abdulwahab akaomba radhi, akasukuma mlango mwenyewe, na mimi nikiwa nyuma yake.

Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda na lile dira la jana, amelishika begi mapajani, anatetemeka. Jasho linamtoka na asubuhi ya hapa ni baridi. Alijaribu kumsalimia mzee na sauti haikutoka, midomo tu. Viatu vilikuwa mbele yake na alikuwa anavitazama kama hajui vinavaliwaje. Mzee akachuchumaa, mtu mzima yule na magoti yake mabovu, akamvalisha kimoja, kisha cha pili.

"Kumbe," akasema. Alirudia tena, "Kumbe."

Nikajua tumepona. Wallahi, Mgogo Mkristo mimi, niliapa hivyo moyoni. Nikamgeukia Khamisi ambaye siku hiyo alichelewa kazini kwa ajili ya safari, naye alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona asubuhi ya mkewe.

Mzee akasimama. "Basi huyu ni mgonjwa kweli," akasema. "Na mgonjwa hauguziwi ukweni. Twende naye, akauguzwe kwao."

Jioni walimwondoa kwa sababu ni mzima, asubuhi wakamwondoa kwa sababu ni mgonjwa. Khamisi akabeba begi.

Bibi Tabu bado anafagia uwanja mwenyewe, siku hizi bila kelele. Cherehani imefunikwa kanga. Naima hupitia kwangu kila asubuhi, mkoba mgongoni, anachukua simu yangu, anabipu mara moja na kukata. Nilimuuliza kwa nini hangoji ipokelewe.

"Siyo ya kupokea," akaniambia. "Namsalimia tu."

Na kweli, ikifika magharibi simu ilikuwa inaita. Nasra hakuanza na halo wala habari za huko. Nilimpa mtoto nikasikia ile sauti: "Marahaba, mwanangu. Nilikuwekea." Ndipo wanaanza maneno yao.

Vidonge alivyoondoka navyo viliisha mwezi uliopita. Mjomba wake anasema kijijini kwao havipo, na kumpeleka mjini Kondoa ni mpaka apatikane wa kumsindikiza asubuhi, na asubuhi hainuki. Nimempigia Dorothea, amesema tumlete, hata leo. Nimemwambia Khamisi. Amesema atamuuliza mama.

Juzi jioni simu haikuita. Jana nayo haikuita, na nikakumbuka aliyosema Dorothea kuhusu wale ambao hata jioni haishuki. Sikumwambia mtoto. Leo asubuhi Naima amekuja kama kawaida, amebipu, amekata, akanirudishia simu na kunisisitiza niichaji vizuri, isije ikazimika jioni.