Mwamba wa Baba

Juzi sokoni Baraka niliona sangala mzima, nikasikia tena harufu ya baruti.

Nilipokuwa mtoto, mwanzo wa kiangazi, maji yakipoa, sangala walilala kwenye mwamba mmoja chini ya ziwa, mbele ya Lweba, kijiji chetu. Baba aliupata kwa kulinganisha mchikichi na pembe ya kanisa, kisha akashusha jiwe lililofungwa kamba mpaka ligonge. "Mutoto, hii ni siri ya nyumba. Ndiyo inatulisha."

Alasiri moja Ajida Lokwa, mkubwa wa askari wa pale, alinipa biskuti, mimi msichana mdogo. "Mama, baba yako anatoshaka wapi zile sangala?" Mi nikaona ni mtu mwema. Nikamuonyesha mchikichi na kanisa.

Jua halijapoa, Lokwa na askari wake walitupa guruneti tatu pale. Samaki wakaelea matumbo juu, hata vitoto vyao. Walijaza mtumbwi, wakaenda wakicheka.

Baba hakunipiga. "Bamemaliza," alisema tu.

"Sangala bamekasirika tu, baba," nikamwambia. "Kesho batarudi."

Kesho yake alinipandisha mtumbwini, akanipeleka mwambani, akanipa kamba ya ndoano niishike mwenyewe. Nikaishika mpaka mikono ikafa ganzi, hakuna sangala hata mmoja aliyeivuta.