Nyota Ambayo Haikuzimika

Kwa miaka thelathini na mmoja Mama Funguo alitunza maabara ya shule ya sekondari, na hakuna chupa iliyopasuka humo bila yeye kuiandika kwenye daftari lake. Hata aliyoivunja mwenyewe aliiandika: "Nimevunja mimi." Walimu walimcheka. Yeye alilionea fahari daftari lile kimyakimya, na simlaumu, maana kitu kingine cha kujivunia pale shuleni hakuwa nacho.

Darubini ya shule pia ilikuwa mikononi mwake, kwa kuwa hakuna mwalimu aliyejua hata kufuta vioo vyake. Ndiyo maana Daktari wa elimu ya nyota, kutoka chuo kikuu, alimwendea yeye. Alimweleza kwamba kuna jiwe kubwa linalozunguka mbali kupita sayari zote, ila kwa umbali huo halionekani kwa darubini ile. Lakini Jumanne, giza likishaingia tu, litapita mbele ya nyota moja na kuizima kwa sekunde chache. Watu wanane watakaa vituo mbalimbali, kila mmoja apime nyota imezimika kwa muda gani, na kutokana na vipimo hivyo ukubwa wa jiwe utajulikana. Mama Funguo alipangiwa kituo cha mwisho, pembeni kabisa.

Jumanne alipanda juu ya paa la maabara na redio ya kumpa saa kamili, pamoja na kinasa sauti cha mumewe, fundi viatu, aliyemtania kwamba siku hizi mkewe anavizia nyota kama paka. Mwalimu mkuu naye alipanda, kavaa suti, kaalika wajumbe watatu wa bodi. Mama Funguo akaweka jicho kwenye darubini, akawa anasema kwenye kinasa: "Ipo. Ipo. Ipo." Dakika kumi nzima. Nyota haikufifia hata kidogo, na wajumbe walishuka wakipiga miayo.

Asubuhi mwalimu mkuu alimwita ofisini. Fomu ya Daktari ilikuwa mezani.

"Mama, hii 'haikuzimika' tutampelekea nani? Wenzetu waone, sisi tuonekane vipofu? Andika sekunde nne."

"Mwalimu, mimi sikuona kitu."

"Ulipepesa macho, we' si binadamu? Usinitie aibu, mama. Nimeshawaambia bodi wewe ni mtaalamu."

Mtaalamu! Hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Angetishwa angekataa, namjua; kilichomponza ni kile kilemba cha ukoka. Aliandika nne, akatia saini.

Wiki tatu baadaye Daktari aliingia maabara, na alipokaribishwa kiti hakuketi.

"Jirani yako wa kituo cha saba kapata sekunde mbili. Wewe uliye mbali zaidi na katikati ya kivuli cha jiwe ulitakiwa upate pungufu ya hapo, au usipate kitu. Nne umezitoa wapi, mama?"

"Haikuzimika, Daktari. Nilidanganya."

"Nilikuweka pembeni nikiomba isizimike. Ningejua kivuli cha jiwe kimeishia wapi, kati yako na jirani yako. Jibu hilo ulikuwa nalo wewe peke yako."

"Kinasa sauti ninacho. Nimesema kweli tupu mle."

"Naamini. Ila saini yako inasema jingine. Wenzangu wakiniuliza nishike lipi, niwajibu nini?"

Ripoti ilitoka na vituo saba. Upande mmoja wa jiwe uliandikwa kuwa haujulikani, na nyota nyingine ya kulipima hivyo haitapatikana kwa miaka mingi. Mwalimu mkuu alipoisoma alisema ni mambo madogo, akauliza kama chai iko tayari.

Jioni ile mumewe alikibonyeza kinasa chake. "Ipo. Ipo. Ipo."

"Mbona ulikuwa na uhakika hivi?" akauliza.

"Zima, baba," alisema Mama Funguo.

Kesho yake alifungua maabara kabla ya walimu kufika, akachukua daftari la vitu vilivyovunjika. Kwenye nafasi ya kifaa aliandika: "Kipimo cha nyota, kimoja." Kwenye nafasi ya sababu aliandika vilevile kama alivyozoea: "Nimevunja mimi."