Kona Iliyokunjwa

Watu wa Kisumu waliomjua Joram Obiero waliiogopa biro yake nyekundu kuliko walivyowahi kuiogopa ya mwalimu. Alikuwa na biro mbili, nyekundu na ya buluu, zimechomekwa mfukoni mwa koti la kaki ambalo hakulivua hata jua likichoma vipi. Kazi yake aliifanyia kwenye veranda ya duka la Bwana Yashwant, lile la nyuzi na vifungo, ambako aliruhusiwa kutundika ubao wa matangazo mradi afagie mbele ya mlango kila asubuhi. Ukiwa na kitu kilichotumika unataka kukiuza, baiskeli, radio, kabati, sufuria kubwa ya harusi, ulimwendea Joram. Alikuja kwako akakikagua, akakigeuza juu chini, kisha akarudi kuandika kadi. Kadi zenyewe alizikata kwenye maboksi ya mashati. Kwa buluu aliandika kitu ni nini, bei yake na mahali kilipo. Kwa nyekundu aliandika ubaya wake.

Ubaya wote, si nusu. Pasta mmoja alileta radio akisema haina neno. Joram alikaa nayo kutwa nzima akiisikiliza, halafu akaandika kwa nyekundu: "Kuanzia saa kumi jioni inanguruma. Ukiipiga kofi inanyamaza." Pasta alifura kwa hasira, akasema anaharibiwa jina mbele ya waumini. Radio ikauzwa kesho yake kwa bei ileile, kwa mwenye hoteli aliyesema yeye hufunga saa tisa. Ndivyo ilivyokuwa. Wauzaji walimnung'unikia, na bado walimletea vitu vyao, maana wanunuzi walitoka hadi Sondu kuja kununua kitu ambacho hawajakitia machoni, kwa kuamini kadi tu.

Tabia hiyo hakuzaliwa nayo. Alipokuwa kijana, karani wa ghala, alinunua baiskeli kwa mshahara wake wa kwanza. Aliyemuuzia alikuwa ameziba ufa wa fremu kwa rangi nzuri ya kijani. Ilivunjika katikati Joram akiwa njiani kwenda kwao Pap Onditi, na kovu la kidevuni alibaki nalo. Kazi ya ghala ilipokwisha mwaka wa themanini na tatu, wengine walirudi shamba au wakaanza kunywa. Yeye alikata kadi.

Lakini sheria iliyomfanya Joram awe Joram haikuwa ya wino mwekundu. Ilikuwa ya kona. Ukipenda kitu na huna pesa siku hiyo, ulimwambia, "Nitachukua," naye akakuambia ukunje kona ya kadi kwa mkono wako mwenyewe. Kona ikishakunjwa, kitu ni chako kwa Jumapili tatu. Aje nani, atoe ngapi, hakiuzwi. Nawe kwa upande wako, ukibadili nia, ulipaswa kuja mwenyewe kuikunjua kona ili mwenye mali asikae bure akikungoja. Hakuna aliyekutoza kitu wala kukuuliza sababu. Ilikuwa ni kuja tu. Udhuru mmoja pekee ndio uliokubaliwa wa kutokuja, nao ni msiba, kwa sababu mtu mwenye matanga kwao hana miguu ya kwenda popote.

Mimi mwenyewe sheria hiyo ilinilisha. Mwaka wa themanini na saba nilikuwa msichana wa kushona viraka kwenye kibaraza huko Kaloleni, nikinyoosha nguo za watu kwa pasi ya kuazima. Nikaona kadi ya pasi ya makaa, na kwa nyekundu imeandikwa, "Mpini umewahi kuungua, funga kitambaa." Nikakunja kona. Siku ya nne akaja mwalimu mkuu mmoja na pesa mkononi, akaongeza bei. Nilikuwa nimesimama palepale dukani nikinunua nyuzi. Joram hakunitazama hata kidogo. Alimwambia yule mwalimu, "Kona imekunjwa. Hiyo ni ya mtu." Mwalimu akauliza mtu gani, waziri? Joram akasema ni mtu tu. Kwa pasi ile nilipata wateja, na wateja wakanipatia chumba cha kushonea. Leo watu wananiita Mama Fundi, na mimi naitika.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe, maana nimelizunguka vya kutosha.

Joram alikuwa na mke, Lornah, fundi kunishinda mimi mara kumi. Yeye ndiye aliyeshona sare za kwaya karibu zote za upande wa Nyalenda walikokuwa wakiishi. Mwaka wa tisini na nne macho yake yalianza kufifia pembeni. Alikuwa akijigonga milangoni. Hospitalini wakamwambia ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, ila kilichobaki kinaweza kuokolewa akipasuliwa mapema. Mwezi wa tano madaktari wa macho walikuja kwenye hospitali moja ya misheni, wakae majuma matatu tu kisha waende zao hadi mwaka mwingine. Malipo hayakuwa makubwa, lakini Joram hakuwa nayo. Lornah akasema wauze cherehani yake ya miguu. Atakapoona vizuri, alisema, atatafuta nyingine.

Joram akaandika kadi ya cherehani ya mke wake kama alivyoandika za watu wote. Nyekundu ilijaa nusu ya kadi: mkanda umelegea, droo ya kushoto haifungi, hushona vibaya kitambaa kizito. Chini kabisa, kwa buluu, akaandika jambo ambalo hakuwahi kuandika kwenye kadi nyingine yoyote, kwamba inauzwa kwa ajili ya matibabu na wenyewe wanaomba asikawie mtu. Nililisoma neno hilo. Nilisimama pale verandani siku ya Ijumaa nikalisoma lote, tena kwa sauti, kwa sababu nilikuwa nimefika na rafiki yangu ambaye hakujua kusoma. Nikamwambia Joram nitachukua, Jumapili ya pili nitakuwa na pesa. Akahesabu siku kwa vidole akaona zinatosha. Akatabasamu, na Joram hakuwa mtu wa kutabasamu, akasema, "Afadhali ni wewe, nyathina," akiniita mwanawe kwa Kijaluo. "Lornah atafurahi iende kwa fundi."

Nikakunja kona.

Siku tano baadaye mteja wangu mmoja, Mama Shobha, akaniambia wanahamia Kanada na wanagawa vitu vya nyumba. Alikuwa na cherehani iliyofunikwa kitambaa miaka yote, haina nyekundu hata tone, na aliniachia kwa bei iliyonifanya nione haya kuitaja. Niliichukua jioni ileile. Nilifurahi mpaka nikaimba. Na sitadanganya kwamba nilimsahau Joram, la. Nilimkumbuka. Nilijiambia nitapita kesho nikunjue kona. Kesho ilipofika nikajiambia wateja wengi watakuwa wanaitaka, hawezi kukosa mtu. Kutoka Kaloleni hadi duka la Yashwant si safari ya kubebea chakula. Ni mwendo wa kumaliza muwa mmoja. Nilipita barabara ile mara mbili katika majuma yale, na mara zote mbili nilivuka upande wa pili, nikatembea nyuma ya mkokoteni wa maji ili asinione. Nilikuwa naogopa atauliza kwa nini. Hakuwahi kumuuliza mtu yeyote kwa nini, na hilo nililijua.

Mengine niliyasikia Januari iliyofuata, nilipojipa moyo kwenda kununua vifungo. Veranda ilikuwa tupu. Ukutani palibaki matundu manne ya misumari. Tara, mke wa Yashwant, ndiye aliyekuwa dukani, na ndiye aliyekuwa dukani hata majuma yale, kwa kuwa mumewe alikuwa India kwenye harusi ya ndugu yake. Alinieleza huku akihesabu vifungo vyangu bila kujua anamweleza nani.

Jumatatu ya juma la pili alikuja mtu wa Sondu, Simiyu, aliyekuwa akifungua chuo cha ushonaji. Alikuja na gari na pesa taslimu. Alisoma nyekundu yote akasema anaichukua hivyohivyo. Joram akamwonyesha kona. Simiyu akangoja hadi saa nane, akanunua soda akanywa, akangoja tena, halafu akaondoka akatafute kwingine. Tara alikuwa ametoka nje kuzungumza na Joram.

"Mimi nasema yeye, Joram, kunjua hii karatasi. Mama anaumwa. Huyu msichana hapana kuja," aliniambia. "Yeye nasema hapana, iko mtu. Iko mtu. Mpaka gari naenda."

Jumapili ya tatu ilipita. Joram akaikunjua kona mwenyewe siku ya Jumatatu asubuhi, siku ambayo madaktari walikuwa wakifunga masanduku yao. Cherehani ikaenda baada ya mwezi mzima kwa nusu ya bei. Kufikia Desemba Lornah alikuwa haoni mtu hata akisimama mbele yake, anaona mwanga tu wa mlango. Joram akang'oa ubao, wakarudi Pap Onditi, kwa sababu mtu hawezi kushinda verandani na huku mkewe hajui moto uko wapi. Tara akanifungia vifungo kwenye karatasi. Alisema kama angemjua msichana yule angemtemea mate. Nikamwambia ni kweli, anastahili.

Nililala vibaya majuma mawili. Halafu nikashona gauni, gauni zuri la kitenge lenye mikono ya kuvimba, nikaenda nalo Pap Onditi. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilikuwa niseme, mimi ndiye, nilipata nyingine, niliona uvivu na haya kuja kukuambia, nisameheni au mnifukuze. Niliyasema njia nzima kimoyomoyo.

Nilimkuta Joram akichambua mboga, kazi ambayo wanaume wa rika lake hawaifanyi mbele ya wageni. Hakuificha. Alinyanyuka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akamwita Lornah, akamwambia Dorca wa Kaloleni amekuja, yule fundi. Lornah akatoka ndani akipapasa ukuta. Nilifungua mdomo niseme. Yeye akanitangulia.

"Pole, nyathina," alisema. "Pole sana kwa msiba."

Sikuelewa. Nikamtazama Joram.

"Nilimwambia," Joram akasema, "Dorca hawezi kukunja kona akanyamaza hivyo. Lazima amefiwa. Nikasema asilaumiwe mtu." Akanivutia kigoda. "Ni nani aliyekwenda?"

Hapo palikuwa na nafasi. Ilikuwa pana, ingepita gari la Simiyu. Wote wawili walikuwa wakiningoja, na nyuso zao zilikuwa na huzuni kwa ajili yangu, huzuni ya kweli, waliyokaa nayo miezi minane. Kumbe katika nyumba ile, Lornah akipoteza macho kidogo kidogo, walikuwa wakinihurumia mimi.

"Shangazi," nikasema. "Wa Sondu."

Lornah akaguna kwa uchungu. Akauliza kama aliugua sana. Nikasema hakuugua sana. Joram akauliza ilikuwa tarehe ngapi, nikamtajia tarehe, naye akahesabu vidoleni akaona ni kweli, ni ndani ya zile Jumapili tatu, akaitikia kwa kichwa kama mtu ambaye hesabu yake imekaa sawa. Nilimpa Lornah gauni. Akapitisha vidole kwenye pindo, taratibu, mshono kwa mshono, akasema cherehani iliyoshona hivi ni nzuri, niitunze. Nikasema nitaitunza.

Nilipoaga aliniambia ningoje. Akaingia ndani, nikasikia akipapasa rafuni, kitu kikaanguka, akakiokota. Akarudi na pakiti ya sukari, kilo nzima. Hawakuwa wamefika kwenye matanga, alisema, na si vizuri. Nikajaribu kuikataa. Joram akasema sukari ya msiba haikataliwi, na kweli haikataliwi, kwetu haikataliwi.

Nilitoka nayo hadi barabarani. Sikuweza kuitupa wala kuipeleka Kaloleni. Gari la kwanza lililosimama lilikuwa linaelekea Sondu, nikalipanda, nikamkuta shangazi sokoni nyuma ya rundo lake la ndizi, mzima, mnene, anacheka na wateja. Alishangaa kuniona siku ya kazi. Nikampa sukari. Akauliza imetoka wapi, nikasema imetoka kwa watu fulani wa Pap Onditi wanaomsalimu.

Akafunga kibanda mapema tukaenda kwake. Akapika chai, akatia vijiko vitatu katika kikombe changu, akasema Mungu awabariki hao watu, wamemkumbuka akiwa hai. Nikanywa. Akaniongeza kikombe cha pili, nacho nikanywa.